Maswali ya Barzani: Ndoo chini ya bati, na mabomu yana ghala lake

Mwezi huu mmenishangaza jamani. Nimezoea barua za mume hapigi simu na mkwe kanuna, safari hii kila nikifungua naona jeshi, jeshi, jeshi, tena sio vita, ni bati na karo na ghala la mabomu. Nimechagua nne. Nyengine mnisamehe, ukurasa ni huu huu mmoja.

"Trilioni zote zile, na mie naweka ndoo"

*Assalaam alaykum dada. Mume wangu ni askari wa jeshi, tuko Pemba, kambi siitaji asije akaulizwa. Tunakaa kota, chumba na ukumbi, watu sita. Masika yakianza godoro tunalisimamisha ukutani mana bati limeoza pale penye misumari, maji yanashuka mpaka kwenye soketi, nishaweka ndoo mbili na sufuria ya pilau. Fundi tunaambiwa atakuja, bajeti haijaja. Halafu nikasikia redioni bajeti ya ulinzi trilioni tatu na kitu, nikamuuliza mume wangu akasema zile za silaha na akiba, sio za bati. Kweli hivo? Na kwani sisi tunapigana na nani mpaka tuweke akiba ya mabomu?*
*Mke wa askari, Pemba*

Wa alaykum salaam shoga yangu. Kwanza iondoe hiyo soketi kwenye matumizi leo leo, zima swichi yake kwenye mita, mengine tutayazungumza ukiwa hai.

Sasa. Trilioni ulizosikia ni kweli, bajeti ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa ya mwaka 2024/25 ilisomwa Dodoma na waziri wa wakati ule, Dk. Stergomena Tax, na ilikuwa kama shilingi trilioni 3.3. Lakini mume wako kakosea kidogo. Pesa ile imegawika mafungu matatu, Fungu 38 ndio Ngome yaani jeshi lenyewe, 39 ni JKT, na 57 ni wizara. Na sehemu kubwa kabisa ya pesa inaitwa matumizi ya kawaida, ndani yake mna mishahara, posho, chakula, mafuta ya magari, umeme. Kwa hiyo usione trilioni ukadhani yote ni vifaru, nyingi inapita mkononi mwa watu kama mume wako, ingawa najua ikifika kwenu imeshakuwa nyembamba kama karatasi ya sambusa.

Na nyumba zimejengwa, lazima niseme ukweli. Kulikuwa na mpango wa nyumba 10,000 za wanajeshi, na awamu ya kwanza ya nyumba 6,064 ikajengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China katika mikoa kadhaa, Pemba ikiwemo. Zile ghorofa za rangi moja zilizopangwa mstari kama sabuni dukani, ndizo hizo. Sasa wewe utaniuliza mbona mimi siko humo. Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Nyumba mpya ina jiwe la msingi, ina utepe, ina mkubwa wa kuja kuukata na wapiga picha nyuma yake. Bati lako halina utepe. Hakuna mkubwa atakaepanda ngazi kupigwa picha anagongea msumari wenye mpira! Ndio mana pesa ikipungua ya matengenezo inakatwa mwanzo, mana nyumba hailalamiki, inavuja taratibu, mwaka huu tone, mwaka ujao ndoo, mwaka wa tatu unaambiwa jengo limechakaa tusubiri mradi.

Nayajua haya, mimi mwenyewe nimekulia kota. Dirisha la jikoni kwetu lilikosa kioo tangu niko darasa la pili, mama akaziba kwa kipande cha boksi la majani ya chai, nikamaliza skuli boksi liko pale pale, limebadilishwa mara tatu au nne tu. Kila mwaka alikuja mtu na daftari, anaandika "kioo 1". Sijui madaftari yale yalikwenda wapi.

Kuhusu tunapigana na nani. Akiba ya silaha ni kama unga wa mwezi mchanga, hununui siku mgeni keshakaa mkekani. Wazungu yamewakuta. Vita vya Ukraine vilipoanza 2022 wakachungulia maghala yao wakakuta weupe, Umoja wa Ulaya ukaahidi Machi 2023 kupeleka risasi za mizinga milioni moja ndani ya miezi 12, miezi ikaisha wamefika kama nusu tu. Na bei ikaruka, mkuu wa kamati ya kijeshi ya NATO alisema risasi moja ya milimita 155 iliyokuwa euro 2,000 imefika 8,000. Kwa hiyo sikubishii kwamba akiba ina kazi yake.

Lakini historia yetu hapa hapa visiwani inatwambia jambo jengine. Januari 1964 mwezi mmoja tu ulifundisha mambo mawili. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Unguja, waliopindua walianzia kwenye bunduki za polisi, Ziwani na Mtoni, zilipochukuliwa zile serikali ya Sultani haikuwa na la kujibu. Siku nane baadae, tarehe 20, askari wa Tanganyika Rifles pale kambi ya Colito Dar es Salaam (saivi Lugalo) wakaasi, wanadai mishahara na maofisa wao wawe Waafrika. Jeshi lile likavunjwa na JWTZ ikazaliwa Septemba 1 mwaka ule ule. Sasa nielezee wewe, ghala na maisha ya askari kipi kilitikisa zaidi? Mimi naona vilitikisa sawa sawa, mkono huu na mkono huu.

Unalotakiwa kufanya: mume wako apeleke kwa njia zake za kikosi, kwa maandishi, na abaki na nakala, asiende redioni wala kwenye simu, ana kiapo. Wewe lakini si askari, wewe ni raia na mpiga kura. Ulinzi ni jambo la Muungano kwa hiyo usimsumbue mwakilishi wako wa Baraza la Wawakilishi, hana mkono huko, msumbue mbunge. Majimbo ya Zanzibar yana wabunge 50 wanaokwenda Dodoma na hotuba ya ulinzi inasomwa kila mwaka kwenye bunge la bajeti. Mwambie aulize jambo moja tu, matengenezo ya kota zilizopo yametengewa kiasi gani na kiasi gani kilitoka kweli. Asiulize mradi mpya, akiuliza mradi mpya atajibiwa vizuri mno, atapigiwa makofi, na ndoo yako itabaki pale pale.

"Wanatwambia tuhame, wao na watoto wao wamo ndani"

*Salamu. Mimi ni mzee, nimejenga Unguja jirani na uzio wa kambi, nilinunua kiwanja kwa mtu na karatasi ya sheha ninayo. Sasa tunaambiwa tuko karibu mno, ni hatari, ghala limo humo. Sikatai. Lakini ng'ambo ya uzio naona kanga zimeanikwa na watoto wanacheza nage. Kama kuna hatari kwangu kwao hakuna? Au ni ujanja wa kunipokonya kiwanja?*
*Mzee wa uziyoni*

Mzee wangu shikamoo. Kuhusu kiwanja sikufichi, ukikwaruzana na jeshi kwa ardhi karatasi ya sheha peke yake haina nguvu, tafuta wakili mapema. Lakini hatari si ya kubuni, hebu nikueleze mana hili watu wanalichukulia juu juu.

Sisi wenyewe yametufika. Aprili 29, 2009 maghala ya jeshi Mbagala yalilipuka, na Februari 16, 2011 usiku yakalipuka ya Gongo la Mboto, mabomu yanaruka na kuangukia mitaani, watu maelfu wakalala uwanja wa mpira kwa kuogopa kurudi. Kila mara walikufa watu wasiopungua 20. Wengi waliokufa na kubomokewa hawakuwa wanajeshi, ni watu kama wewe waliojenga hatua kwa hatua mpaka wakaufikia uzio, na hakuna aliewazuia mapema.

Na lile ulilouliza, la watoto wa ndani, ndilo lililonikaa kooni. Umelenga pale pale mzee wangu. Nimeangalia miripuko mikubwa mitatu ya Afrika. Ikeja, Lagos, Januari 27, 2002, watu zaidi ya 1,000 walikufa, familia za askari zilikuwa zinakaa humo humo kambini na ghala, halafu waliokimbia usiku, wengi wao wanawake na watoto, wakatumbukia kwenye mfereji wa Oke-Afa wakazama mamia kwa mamia, bomu halikuwagusa hata kidogo. Mpila, Brazzaville, mji mkuu wa Kongo, Machi 4, 2012. Na Bata, Guinea ya Ikweta, Machi 7, 2021, kambi ya Nkoantoma, zaidi ya 100 walikufa, na huko pia kambi ilikuwa na nyumba za familia. Rais wao mwenyewe alisema baruti zilihifadhiwa kwa uzembe na wakulima wa jirani walikuwa wanachoma mashamba. Sasa angalia kalenda, zote tatu zilikuwa Jumapili. Nilipoligundua nikaiweka kalamu chini. Jumapili baba yuko nyumbani, watoto hawakwenda skuli, mama yuko jikoni.

Kwa nini mabomu yanaripuka yenyewe? Mzee wangu, wewe unazijua karafuu. Ukizichuma mbichi ukazirundika guniani bila kuanika, baada ya siku unatia mkono unakuta zimepata moto, zimegeuka mpeta, hakuna aliewasha kiberiti. Baruti inayosukuma risasi ya mzinga ina tabia kama hiyo, imechanganywa na dawa ya kuituliza, na dawa ile inapungua mwaka hata mwaka, tena kwenye joto na unyevunyevu kama wetu inapungua mbio. Ikiisha, baruti inaanza kujipasha moto yenyewe ndani kwa ndani mpaka inashika. Ndio mana bomu la zamani linatakiwa lipimwe na lililochoka liharibiwe. Sasa kupima na kuharibu ni pesa, tena pesa isiyoonekana, hakuna gwaride la mabomu yaliyoharibiwa. Unaona? Ni ndugu yake bati la yule shoga yangu wa Pemba. Kitu kipya kinanunuliwa, cha zamani kinaachwa kioze, kule kinavuja, huku kinaripuka.

Kuna kanuni za Umoja wa Mataifa za kutunza risasi na mabomu, zilitoka 2011, ndani yake mna hesabu ya umbali. Haiendi sambamba, ukizidisha mzigo mara nane umbali unazidi mara mbili tu. Kwa mfano ghala lenye tani 64 za baruti linatakiwa liwe karibu mita 900 na nyumba ya kukaa watu. Mita 900! Simama kibarazani kwako uhesabu hatua. Na nyumba ya kukaa watu ni nyumba ya kukaa watu, hesabu ile haimuulizi mtoto kama baba yake ana kofia ya kijani. Wakikwambia uhame basi na wewe ulize kwa adabu, pamoja na sheha na diwani, kota za ndani nazo ziko umbali gani. Wakijibu nao wanahamishwa, jua hatari ni ya kweli. Wakicheka, mpigie wakili.

Nyongeza kidogo, kwa wote mlio jirani na kambi yoyote: ukisikia mripuko kaa mbali na madirisha, usikimbilie barabarani kutazama, na mkubaliane nyumbani mapema mtoto akipotea anapelekwa wapi. Mbagala ile siku wazazi walitafuta watoto mpaka usiku.

"Si wauze tu?"

*Dada mambo. Mie nasoma uhasibu chuo. Kwa nini serikali isiuze kota zote za jeshi kwa kampuni, kampuni ikarabati, jeshi likodi? Pesa inapatikana chapchap na matengenezo yanakuwa ya mwenye nyumba. Ulaya wanafanya hivi.*
*Kijana wa Mwanakwerekwe*

Poa mwanangu. Walifanya, Uingereza, 1996. Wizara yao ya ulinzi iliuza nyumba za familia za askari zaidi ya 57,000 kwa kampuni moja, Annington, kwa pauni bilioni 1.66 halafu ikazikodi zile zile. Utamu wake sasa, matengenezo hayakwenda kwa mwenye nyumba kama unavyotaka wewe, yalibaki kwa wizara! Yaani umeuza ng'ombe, unakodi maziwa, na majani unakata wewe. Nyumba zikapanda bei, faida ikala kampuni, wakaguzi wao wa hesabu mwaka 2018 wakasema serikali imekosa kati ya pauni bilioni 2.2 na 4.2. Huku wake wa askari wanalalamika koga ukutani na boila mbovu, miaka nenda miaka rudi. Mwisho Januari 2025 serikali ikazinunua tena nyumba 36,347 kwa karibu pauni bilioni 6. Umesoma uhasibu, piga hesabu mwenyewe, na ukimaliza mpelekee mwalimu wako.

Hapa kwetu bara waliziuza nyumba za serikali kwa watumishi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kelele zake mpaka leo hazijanyamaza. Kwa hiyo mimi siungi mkono, nyumba ya askari si duka la Darajani ukauza ukanunua kwengine, askari anahamishwa Jumatatu na Ijumaa anatakiwa awe na pa kulaza watoto. Ila hoja yako ina kipande cha kweli, mkataba wa matengenezo unaweza kutolewa kwa fundi wa nje, na masharti yake yawe ya siku, bati limeripotiwa leo litengenezwe ndani ya siku kadhaa, likipita hapo analipa faini. Hicho ndicho ungeandikia mtihani.

"Na sisi wa KMKM je?"

*Dada, mume wangu ni KMKM. Na sisi tumo kwenye hizo trilioni? Mana kota zetu nazo ni hizo hizo.*
*Mama wawili, Unguja*

Hapana bibi, hamumo. KMKM (kikosi cha kuzuia magendo), JKU (jeshi la kujenga uchumi), Valantia, Zimamoto na Chuo cha Mafunzo (yaani magereza) ni Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi, msingi wake uko kwenye Katiba ya Zanzibar ya 1984, pesa zao zinapita Baraza la Wawakilishi pale Chukwani, sio Dodoma. Kwa hiyo wewe kinyume na mwenzio, usimtafute mbunge, mtafute mwakilishi, na bahati yako yuko karibu, unaweza kumkamata msikitini Ijumaa au kwenye harusi.

Na wewe shoga wa ndoo mbili na sufuria ya pilau, mbunge akikujibu niandikie, hata akikujibu kwa ubaya. Na soketi usiiwashe.